Makaburi ya Gadiel

Sehemu ya Saba

Kijiko cha mtambo hakikushuka.

Kilibaki kinaning'inia juu ya kichwa cha Anande, meno yake yakidondosha udongo kwenye kitenge chake, na yeye hakuinua hata macho. Ninyi mliomwacha wiki iliyopita amekaa juu ya kaburi la mumewe, mkadhani leo mtamkuta amefukiwa, poleni. Mwanamke yule amezaliwa Machame, ameolewa Akheri, amezika mume, na hajawahi kukimbia kitu chenye injini.

Aliyeshindwa mapema ni dereva wa mtambo. Allen alizima injini, akashuka, akavua kofia yake ngumu mbele ya kaburi kama mtu aliyeingia kanisani. Akasema yeye aliajiriwa kuchimba mitaro, hakumbuki kama aliajiriwa kuchimba watu.

"Rudi kwenye mtambo," Gadiel akamwamuru.

"Panda wewe, mzee. Ufunguo nimeuacha pale pale."

Gadiel aliutazama ule mtambo, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa, akaona afadhali aendelee kuwa kiongozi.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, huyu Gadiel ni binamu wa marehemu Ndesanjo, mume wa Anande, na ni mwenyekiti wa kamati ya wananchi ya njia ya bomba. Usiniulize alichaguliwaje. Siku ya mkutano wenzake walikaa kwenye majani, yeye akaja na kiti chake kutoka nyumbani. Watu walipoona mtu ameshakaa mbele, wakaona basi, mwenyekiti ndiye huyo.

Bomba lenyewe halikuwa na ubaya. Mji umevimba mpaka huku. Palipokuwa na migomba na kahawa sasa pana nyumba za kupanga, gesti na baa, na kila moja ina shimo la choo lililojaa hadi mdomoni. Mvua zikianza, wajanja hufungulia mashimo yao usiku kwenye mfereji, na asubuhi maji yale yale yanamwagilia mchicha wa watu. Gadiel alikuwa mmoja wa hao wajanja, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Kwa hiyo ulipokuja mradi wa kutandaza mabomba ya majitaka hadi kwenye mabwawa mapya ya kusafishia, kule chini tambarare, Anande alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuukubali. Alisema amechoka kuosha mboga mara tatu na bado kumwomba Mungu kabla ya kuzila.

Ugomvi wake ulikuwa ni njia. Wataalamu walipopima mwanzo, bomba lilifuata bonde, likakatiza kiwanja ambacho Gadiel ameanza kujenga gesti. Halafu siku moja njia ikapinda. Ikaliacha bonde, ikapanda kwenye migomba ya Anande, ikapita katikati ya Ndesanjo.

Majirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio, simu mkononi, wakirekodi. Hakuna aliyeingia. Mbele yao alisimama Agnela, jirani wa mlango kwa mlango, aliyekula na kulala kwa Anande siku zote za msiba. Alikuwa akisema "jamani, mama wa watu" kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetaka asikike na pande zote mbili.

Anande aliwatazama mmoja mmoja. Alimwomba Mungu auzuie ulimi wake. Mungu siku hiyo alikuwa na mambo mengi, akauacha kidogo.

"Karibuni ndani," akawaambia. "Au mnangoja matanga?"

Ndipo ilipofika pikapu nyeupe ya mradi, akashuka mhandisi.

Jina lake Sneha. Ni mtoto wa Arusha mjini, babu yake aliuza misumari na bati kabla wengi wetu hatujajua bati ni nini, na Kiswahili chake kingemfundisha Gadiel adabu. Alipomwona mama mtu mzima amekaa juu ya kaburi chini ya kijiko cha chuma, uso ulimbadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe sisimami. Nina mtu hapa chini."

Sneha akamgeukia Gadiel. Akamuuliza inakuwaje, kwa kuwa yeye aliambiwa familia imekubali kaburi lihamishwe, na kwamba mjane ameshaombwa na ameridhia. Gadiel akasema familia ni pana, naye ni familia. Akasema akina mama wana huzuni, wakilia kidogo huisha. Alikuwa anamsemea Anande kama vile Anande amekwenda sokoni.

"Mhandisi," Anande akamkatisha, "mimi shule yangu iliishia la saba, ila macho sikuyaacha huko. Bonde liko chini, mimi niko juu. Uchafu wenu siku hizi unapanda mlima?"

Sneha hakuchukia. Akasema ukweli, kwamba majitaka huteremka yenyewe, na kuyapitisha hapa kumewalazimu kuchimba mtaro wa kina kirefu kuliko mtu na mtu mwenziwe amesimama juu yake. Kwamba yeye mwenyewe aliipenda njia ya bondeni. Waliiacha kwa heshima tu.

"Heshima ya nani?"

"Ya makaburi, mama."

"Makaburi gani?"

"Ya ukoo wa mzee Gadiel, pale kiwanjani kwake. Nilipelekwa nikaona. Mimea ya masale imepandwa safu kwa safu. Nikaambiwa kwamba huku masale yakisimama hivyo, chini kuna watu."

Pale kwenye uzio simu zikaanza kushuka moja moja, na kila mtu akagundua kwamba ana jambo la muhimu la kutazama kwenye vidole vyake vya miguu.

Maana wote walijua. Kiwanja kile kilikuwa zizi la ng'ombe tangu enzi za baba yake Gadiel. Hapajazikwa hata kuku. Wapimaji walipopita mara ya kwanza na vigingi vyao, Gadiel alikata masale kwenye uzio wake, akayachomeka ardhini kwa mistari, akamwagilia kwa ndoo mpaka yakashika. Walimwona. Wapo waliomshikia jembe. Walicheka, wakamwita mjanja, na kila mmoja akaahidiwa kibarua cha kubeba mabomba. Sasa bomba lisilotaka kufukua makaburi ya uongo lilikuwa limekuja kufukua kaburi la kweli, na wao wamesimama kwenye uzio wanarekodi.

Anande naye aliyaona masale yakipandwa. Alidhani mtu anaweka mpaka. Isale kwetu ni la mpaka, ni la kaburi, tena ni la kuomba msamaha. Hakuwaza kwamba yupo mtu wa kulifanya jani lile limtolee ushahidi wa uongo.

Alicheka. Alicheka pale pale juu ya mumewe, kicheko kifupi cha puani, na kicheko kile kilimuuma Gadiel kuliko matusi.

Gadiel aliona mambo yanaharibika. Akamwambia mhandisi ampe nafasi kidogo, akatoka kwa haraka. Aliporudi alikuwa na kreti ya soda begani kwa mtu mwingine, na mkononi mwake ameshika jani la isale alilolifunga fundo.

Watu wakashusha pumzi. Walidhani yameisha.

Nikueleze, wewe msomaji wa mbali. Kwa Wachaga, na kwa Wameru wa Akheri pia, ukinijia na isale lililofungwa fundo sina ruhusa ya kukukatalia. Hata kama umemwua mwanangu. Nikishalipokea, neno limekwisha, na atakayelifufua ndiye mkosaji. Wenye adabu huja nalo pamoja na kondoo. Gadiel alikuja nalo na soda za moto.

Alimwomba Agnela amtandikie kitu asije akachafua suruali. Akapiga goti moja. Moja tu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

"Shemeji," akasema, na sauti ameilainisha, "haya ni mambo ya ukoo. Tuyamalize kiukoo. Mhandisi atusubiri garini. Pokea isale, tunywe soda, kazi ya serikali iendelee."

Anande alimwelewa vizuri sana. Akilipokea, mdomo wake umeshonwa. Akilikataa, yeye ndiye mwanamke mbaya aliyekataa isale, na hata watoto watamnyooshea kidole. Mtu huyu alikuwa ameichukua mila ya babu zake akaigeuza mtego wa panya.

Alinyoosha mkono, akauacha hewani.

"Mhandisi asiende popote," akasema. "Isale halipokelewi gizani, shemeji. Linapokelewa kosa likishatajwa. Taja."

"Kama nimekukosea mahali…"

"Hakuna kama."

Gadiel akasema amekosa kwa kutomshirikisha.

"Hilo dogo, hilo lingekwisha kwa soda. Mimi nimeolewa kwenye ukoo huu nikiwa sina hata jino bovu, na sijawahi kuambiwa kwamba tuna makaburi kwako. Nitajie mmoja tu aliyelala pale. Nimjue huyo anayepishwa na mume wangu."

Hapo ndipo Gadiel alipokumbuka ameshika nini.

Maana yapo mengine kuhusu isale. Aliyelishika hasemi uongo. Wazee husema mdomo humpinda, na nyumba yake ikazaa vilema. Ukiuliza kanisani watakuambia huo ni ushirikina, na Gadiel mwenyewe amewahi kusimama akaukemea. Mtu huyu hakumwogopa Mungu alipofungulia kinyesi chake kwenye maji ya watu, hakumwogopa alipochomeka makaburi kwenye zizi, lakini sasa anatetemeka kwa ajili ya jani.

Angelitupa, kila mtu angejua. Angenyamaza, kila mtu angejua. Jasho likamtoka hadi kwenye miwani. Ukamwona kabisa anazunguka kichwani kwake anatafuta maiti, yeyote, wa kuazima.

"Baba mdogo," akasema mwisho. "Baba mdogo Elihuruma."

Na Agnela, aliyekuwa amenong'ona asubuhi nzima, kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Elihuruma si yuko Levolosi anashona viatu?"

Wakacheka. Majirani wale wale. Kicheko cha watu wa namna ile ni kama moshi, hufuata upepo uliko, na upepo ulikuwa umegeuka. Aliyemshikia Gadiel jembe alicheka kuliko wote. Mwingine alikuwa ameshapiga simu, ameweka sauti kubwa, na mzee Elihuruma akasikika akikohoa kati ya honi za mjini. Akaelezwa kwamba anazungumziwa yeye, na mahali alipozikwa.

"Gadiel," sauti ya mzee ikasema taratibu, "nimekufa lini? Na mbona mlinizika bila kunipa taarifa?"

Gadiel akainuka kutoka kwenye goti lake moja. Isale bado analo, hajui aliweke wapi, amelishika kama mtu aliyeshikishwa nepi ya mtoto wa jirani.

Sneha alisogea akainama mbele ya Anande. Akamwomba radhi. Akasema alipoyaona yale masale hakuuliza hata jina la marehemu mmoja, aliogopa asije akaonekana anadharau mila za watu. Anande alimtazama binti yule, na moyoni akamwonea uchungu na kumdharau kidogo, vyote viwili. Kusoma kote kule, kisha unadanganywa na bustani.

"Siku nyingine uliza," akamwambia. "Anayekasirika ukimuuliza jina la marehemu wake, hana marehemu."

Mhandisi hakungoja zaidi. Alisema mbele ya wote kwamba bomba linarudi bondeni, kwenye vigingi vya kwanza, na kwamba gesti ya mwenyekiti itasogea yenyewe. Akamwambia Allen ageuze mtambo. Allen alivaa kofia yake, akapanda kama bwana harusi.

Anande akasimama. Magoti yalilia, akayanyamazisha. Akamwendea Gadiel, akalichukua lile isale kutoka kwenye vidole vyake vilivyolowa.

"Nimepokea. Nimekusamehe, mbele ya hawa. Sasa bomba likapite kwako."

Ungetegemea mtu aende zake. Hata mbwa akifukuzwa jikoni hujua kuondoka. Lakini Gadiel alisimama pale, na chuki ikampa ujasiri ambao haki haikuwahi kumpa.

"Nimedanganya makaburi," akasema. "Sawa. Ila kuhusu hili la kwako sikudanganya. Niliambiwa lihamishwe, na aliyeniambia ndiye mwenye shamba hili, mwenye kihamba."

"Mwenye kihamba amelala hapa."

"Aliyelala harithi, shemeji. Anarithiwa."

Anande alitaka kumjibu. Jibu alikuwa nalo, kali, lipo ncha ya ulimi. Lakini aliona macho ya watu wa uzioni yamehama, yanatazama nyuma yake, njia ya kutokea barabara kubwa.

Pikapu ya bluu ilikuwa inapanda polepole, inakwepa mashimo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Anande aliijua kabla haijasimama. Ni ya Hans, mwanawe wa pekee, mwenye duka la vipuri kule Sakina. Moyo ukamruka kwa furaha. Alijua mtoto amesikia mama yake amewekewa mtambo kichwani, amefunga duka, amekuja.

Hans alishuka. Hakumtazama mama yake. Alizunguka nyuma, akafungua mlango wa bodi, akavuta turubai.

Lilikuwa jeneza. Jipya, linanukia vanishi, limetengenezwa fupi, kwa kimo cha mtoto. Jeneza la kimo hicho hutengenezewa mifupa.

"Shikamoo, mama."

Anande hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mwanawe ianguke chini, na siku ile aliiacha.

"La nani hilo?"

"La baba."

"Umechelewa kupata habari. Bomba limerudishwa bondeni. Mhandisi huyu hapa, muulize. Lirudishe kwa fundi, mwambie mama amekataa."

Hans alifuta mikono kwenye suruali. Ilikuwa safi, lakini aliifuta tena.

"Si bomba, mama. Mimi bomba sina habari nalo. Mzee Gadiel aliniuliza kama kaburi linaweza kutoka, nikamwambia litoke, kwa kuwa lilikuwa linatoka tu." Kisha akasema yaliyobaki haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Shamba nimeliuza. Aliyenunua ametaka lisiwe na kaburi ndani yake. Kesho anaanza kufyeka."

Hata Gadiel alifungua mdomo. Hilo la kuuza yeye hakulijua, na ukimtazama ungeona limemuuma, maana ameshindwa kwa ujanja na mtoto wa juzi.

Mtambo ulikuwa unanguruma kuelekea bondeni, na hakuna aliyekuwa akiutazama tena. Isale lilikuwa bado mkononi mwa Anande.

"Umemuuzia nani, Hans?"

Hans aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la mama yake, yakaenda kutua kwenye uzio.

Anande akageuka.

Wale wengine wote walikuwa wanatazamana. Agnela peke yake hakuwa uzioni. Ameshaingia shambani, anatembea taratibu kati ya mistari, mdomo unamchezacheza, anahesabu migomba.